Mgeni akitoka Tanzania kwenda Kenya halafu akarudi, viza ile ile inafanya kazi?

Mpangasafari_Ilala

Wakuu, salaam. Naomba wajuzi wa uhamiaji mnisaidie kwenye ratiba hii. Wageni ni wanne: Wajerumani wawili, Mholanzi mmoja na Mmarekani mmoja. Wanatua JNIA, uwanja wa ndege wa Dar, wanachukua boti kwenda Zanzibar siku nne, wanarudi Dar, wanapanda Arusha, Serengeti, halafu wanataka kuvuka kwenda Masai Mara. Baada ya hapo Nairobi siku mbili, wanaruka kurudi Dar kupanda ndege ya Ulaya.

Wazungu watatu wameomba viza ya kawaida ya mtandaoni, dola 50. Mmarekani mfumo umemdai dola 100 na analalamika kwamba kaonewa. Je, kwenda Zanzibar na kurudi kunahesabiwa kutoka nchini? Na wakirudi kutoka Nairobi, viza ile ile itawaingiza?

---

Dirisha_la_Tatu

Mkuu, kabla ya ratiba kuna jambo moja likikaa sawa maswali yako mengine yanajijibu. Kwenye viza kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Kuna muda wa viza, yaani tarehe ambazo inaweza kutumika kuingilia. Kuna idadi ya kuingia, mara moja au mara nyingi. Halafu kuna siku za kukaa, na hizo anaziandika afisa pale mpakani anapogonga muhuri. Mgeni anaona karatasi imeandikwa siku 90 anadhani ana siku 90 za kutoka na kuingia atakavyo. Hana. Viza ya kuingia mara moja inakufa siku anapogongewa muhuri wa kutoka, hata kama ametumia siku tano tu kati ya 90.

Kwa hiyo: Zanzibar si kutoka nchini. Ni Jamhuri hiyo hiyo, viza hiyo hiyo. Bandarini Malindi, Unguja, watamkagua pasipoti kwa sababu Zanzibar wana utaratibu wao wa kupokea wageni, lakini siku zake za kukaa hazianzi upya na wala hadaiwi viza nyingine. Anachodaiwa ni bima ya Zanzibar, ya lazima kwa mgeni asiye mkazi tangu 1 Oktoba 2024. Ni dola 44 kwa mtu mzima na inamhudumia siku 92. Bima ya safari aliyokata kwao haiondoi hiyo. Mwambie akate mtandaoni kabla ya kupanda boti, foleni ya watu wanaohangaika na simu pale bandarini haifurahishi.

Kenya ni kutoka nchini. Wale watatu wa dola 50 wakivuka tu, viza zao zimekwisha. Wakirudi Dar ni safari mpya.

Mmarekani hajaonewa. Raia wa Marekani hulipa dola 100 na hupewa viza ya kuingia mara nyingi ya miezi 12, kila anapoingia akae isiyozidi siku 90. Kwenye ratiba yako yeye ndiye aliyepata nafuu: atavuka na kurudi bila kulipa hata senti. Wenzake wakilipa dola 50 mara mbili wanafika hapo hapo kwenye 100.

---

Mtoto_wa_Tandika

Naomba kutofautiana kidogo. Mbona madereva wengi wanasema mtalii akienda Kenya, Uganda au Rwanda akarudi ndani ya zile siku 90 halipi tena, kwa kuwa hajatoka Afrika Mashariki?

---

Dirisha_la_Tatu

Hayo maneno yapo miaka mingi, na wapo maafisa waliowahi kuwapitisha watu hivyo. Lakini kupanga safari ya mteja kwa kutegemea huruma ya zamu ya siku hiyo si kazi. Karatasi ya viza imeandikwa kuingia mara moja. Afisa akisoma kilichoandikwa, huna pa kukata rufaa saa nne usiku.

Wengine wanachanganya na ile viza ya pamoja ya watalii wa Afrika Mashariki, ya dola 100 na siku 90. Ile ni ya Kenya, Uganda na Rwanda tu, ilianza 2014, na Tanzania haimo. Aliye nayo anazunguka nchi hizo tatu akitoka na kuingia, ila akikanyaga nje ya hizo tatu imekwisha. Ndiyo maana mgeni aliyekaa Nairobi akaja wikiendi Zanzibar huwa na kilio anaporudi Kenya. Anakuwa amelipa viza ya Tanzania, na ile ya dola 100 imekufa.

---

Dada_Upanga

Nyongeza kwa mwenye uzi: upande wa Kenya hakuna tena viza, tangu Januari 2024 ni idhini ya kielektroniki, dola 30 na makato ya malipo juu yake. Hawatoi pale mpakani. Wageni wako waombe angalau siku tatu za kazi kabla, na ni heri wafanye hivyo wakiwa bado Dar wenye intaneti ya uhakika, maana Seronera, katikati ya Serengeti, si mahali pa kupakia picha ya pasipoti.

Anwani rasmi huishia na go.ke, na ya kwetu ni visa.immigration.go.tz. Kuna tovuti nyingi za mawakala zenye bendera na nembo zinazofanana na za serikali, zinatoza mara mbili hadi tatu na wakati mwingine zinakosea tahajia ya jina. Jina kwenye viza lisipolingana na la kwenye pasipoti, kazi inaanza upya.

---

Nesi_Temeke

Jamani mnaongea viza tu, mnasahau kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hapa ndipo wageni wengi hukwama wakati wa kurudi.

Mgeni akitoka Ujerumani moja kwa moja kuja Dar hadaiwi cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu Ulaya hakuna ugonjwa huo. Akishaenda Kenya akarudi, sasa anatoka nchi iliyo kwenye orodha ya hatari. Tanzania inadai cheti kwa kila mtu mwenye umri wa mwaka mmoja na zaidi anayetoka nchi hizo, na hata aliyepita tu uwanja wa ndege wa nchi hizo akakaa zaidi ya saa 12. Kwa hiyo mgeni yule yule aliyepita bila kuulizwa wiki mbili nyuma anaulizwa sasa, na anadhani amebadilishiwa sheria.

Cheti huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano. Maana yake kumdunga sindano Arusha keshokutwa anavuka mpaka wa Namanga na kurudi ndani ya wiki haisaidii. Achanjwe kwao, mapema. Na akichanjwa mara moja inatosha maisha yake yote. Utaratibu wa kurudia kila miaka 10 ulifutwa Julai 2016, hata kwa wenye kadi za zamani zilizoandikwa kwamba zimeisha. Mwenye mzio mkali wa mayai au kinga dhaifu aje na barua ya daktari wake ya kusamehewa chanjo, yenye muhuri.

---

Mzee_wa_Boda

Mwenye uzi umeandika wakiwa Serengeti "wanataka kuvuka kwenda Masai Mara". Wapi? Ukitazama ramani unaona mbuga zimeshikana, kwa hiyo wageni hudhani gari linakata tu nyasi. Geti la Bologonja limefungwa tangu mpaka ulipofungwa mwaka 1977 na mtalii hapiti pale. Nyumbu ndio wanaopita bila pasipoti.

Njia zenu ni mbili. Moja ni kutokea kaskazini mwa Serengeti kwenda Sirari na kuingia Kenya Isebania, kisha kugeuka kwenda Mara. Ya pili ni kurudi Arusha, Namanga, Nairobi, halafu Mara. Ya Sirari ndiyo fupi kwa ratiba yako, ila gari la Tanzania lenye leseni ya utalii halimalizi safari ya kitalii ndani ya Kenya. Wageni wanashuka mpakani na kuhamia gari la kampuni ya Kenya. Pangeni saa ya kukutana na mpeane namba za madereva mapema.

Jambo lingine. Vituo vya Namanga, Holili, Horohoro na Sirari ni vya pamoja. Ukitoka Tanzania huingii jengo la Tanzania, unalipita unakwenda jengo la Kenya, na ndani ya jengo hilo kuna dirisha la Tanzania la kutoka na la Kenya la kuingia. Mgeni akiona bendera ya Kenya anadhani Tanzania imeshamalizika, anaruka dirisha la kwanza. Hapo anaingia Kenya bila muhuri wa kutoka Tanzania. Kwenye mfumo wetu anahesabika bado yuko ndani, na akirudi baada ya muda ataulizwa alikuwa wapi. Dereva ndiye amwambie: mihuri miwili, madirisha mawili, halafu ndiyo begi.

---

Mpangasafari_Ilala

Shukrani sana wakuu. Sasa wale watatu, wakirudi Dar kwa ndege kutoka Nairobi ni usiku mmoja tu kabla ya ndege ya Ulaya. Lazima walipe dola 50 nyingine kwa usiku mmoja?

---

Dirisha_la_Tatu

Si lazima. Ipo viza ya kupita njia, dola 30, hadi siku 7, kwa mtu mwenye tiketi ya kuendelea na safari na anayeruhusiwa kuingia huko aendako. Kwa usiku mmoja inawafaa. Wachapishe tiketi ya Ulaya, wasitegemee simu isiyo na chaji.

Kama tiketi ni moja toka Nairobi hadi Ulaya kupitia Dar, mizigo ikiwekewa lebo ya mwisho wa safari na wasitoke eneo la abiria wa kuunganisha, hawahitaji viza kabisa. Lakini wakiwa na tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, mizigo itatoka kwenye mkanda wa Dar na wao lazima wapite uhamiaji kuifuata. Hapo viza inahitajika hata kama wanakaa saa tatu tu. Wanaonunua tiketi za bei rahisi huwa hawaoni gharama hii mpaka wafike.

Ila ushauri wangu ni kugeuza ratiba. Waanzie Nairobi na Mara, wavuke Sirari kuingia Serengeti, Arusha, Dar, wamalizie Zanzibar na kurukia Ulaya huko huko. Tanzania wanaingia mara moja, viza moja ya dola 50, na hakuna kurudi nyuma. Tiketi ya kuingilia Nairobi na kutokea Zanzibar mara nyingi haizidi sana ya kwenda na kurudi mji mmoja. Wasisahau tu kadi ya njano, maana kwa njia hiyo wanaingia Tanzania kutoka Kenya.

---

Mtoto_wa_Tandika

Na wale wanaokaa Kigamboni na Msasani mwaka mzima, kila siku ya 88 wanakwenda Horohoro, wanakunywa chai Lunga Lunga upande wa Kenya na kurudi? Ni halali?

---

Dirisha_la_Tatu

Kuomba viza mpya baada ya kutoka si kosa. Kosa ni kuishi nchini kwa viza ya mtalii. Afisa hahesabu tu siku za mara hii, anafungua kurasa za nyuma. Akikuta mihuri ya Horohoro imepangana kila baada ya miezi mitatu, ataanza kuuliza maswali ya haki yake: unaishi wapi, unakula nini, nani anakulipa, tiketi ya kurudi kwenu iko wapi. Anaweza kukupa siku 14 badala ya 90, au kukukatalia kabisa. Viza ni ruhusa ya kufika mlangoni, kufunguliwa ni uamuzi wa aliyeshika ufunguo.

Mwenye sababu ya kukaa ana njia zake. Mwekezaji ni kibali cha ukaazi daraja A, mwajiriwa daraja B, na wanafunzi, wamisionari na wa kujitolea ni daraja C. Huyo wa kujitolea ndiye anayepatikana na makosa kila mara: anafundisha shule ya watoto kwa viza ya utalii kwa kuwa halipwi. Kutolipwa hakubadilishi kitu, ile ni kazi. Anayekuja kwa shughuli fupi ya kibiashara kuna viza ya dola 250. Na mtalii wa kweli aliyeugua au aliyeahirishiwa ndege aende ofisi ya uhamiaji, kwa Dar ni Kurasini, kabla siku hazijaisha. Akienda jana yake anasikilizwa, akienda kesho yake ni mkosaji.

Tena: hesabu siku kwa muhuri, si kwa karatasi ya viza. Afisa akiandika 30, ni 30. Mgeni asome muhuri akiwa bado amesimama dirishani, kwa sababu kusahihisha hapo ni dakika moja.

---

Kariakoo_Original

Uzi mzuri. Sasa tugeuze: sisi tunaokwenda nje tunabanwa vipi? Kuna mtu anataka kwenda Guangzhou, apite Hong Kong siku mbili, arudi Guangzhou kumalizia kontena.

---

Dada_Upanga

Huyo asipoangalia atabaki Hong Kong. China bara, Hong Kong na Macau zina uhamiaji tofauti. Kwenda Hong Kong kutoka Guangzhou ni kutoka China, ingawa ni nchi moja kisiasa. Yaani kinyume kabisa cha Dar na Zanzibar. Mwenye viza ya kuingia mara moja akivuka Shenzhen kwenda Hong Kong, kurudi ni viza mpya.

Suluhisho ni kuomba kuingia mara mbili tangu Dar, na kuonyesha sababu kwenye ratiba anayopeleka ubalozini. Halafu asome stika yake ya viza vizuri. Kuna tarehe ya mwisho ya kuingia, na kuna siku za kukaa kwa kila kuingia. Ile tarehe haimaanishi mwisho wa kukaa. Anaweza kuingia siku ya mwisho na bado akakaa siku zote 30 alizopewa. Wachina wanaanza kuhesabu siku inayofuata baada ya kuingia. Na kwa ununuzi wa mzigo aombe M ya biashara, L ni ya utalii.

---

Kariakoo_Original

Na Ulaya? Ile habari ya siku 90 ndani ya 180 hakuna anayeielewa mtaani.

---

Dirisha_la_Tatu

Schengen ni nchi 29 za Ulaya zenye mlango mmoja. Paris kwenda Roma si kutoka. Uswisi imo ingawa haimo Umoja wa Ulaya. Ireland imo Umoja wa Ulaya lakini haimo Schengen, na Uingereza haimo kokote. Mwenye stika iliyoandikwa 01 akitoka Paris kwenda London harudi Paris, hata kama ana viza halali ya Uingereza. Tazama pale kwenye idadi ya kuingia: 01, 02 au MULT, yaani mara nyingi.

Sasa hesabu. Kila siku uliyo ndani, unatazama nyuma siku 180 ukijumuisha na hiyo ya leo, na unahesabu siku ulizokuwemo. Zisizidi 90. Siku ya kuingia ni siku nzima, ya kutoka pia. Dirisha hilo linasogea kila siku, halianzi Januari wala halianzi upya ukitoka.

Mfano wa mtu mwenye viza ya MULT mwaka 2026. Aliingia 5 Januari, akatoka 4 Machi. Januari siku 27, Februari 28, Machi 4: jumla 59. Anarudi 20 Mei. Siku 180 nyuma ya 20 Mei zinaanzia 22 Novemba, kwa hiyo zile 59 zote bado zinamhesabia. Amebakiwa na 31, yaani mpaka 19 Juni awe ametoka. Wengi hapa hudhani wakikaa nje miezi miwili wamesafishwa. Akitaka kurudi tena, siku ya kwanza inayowezekana ni 4 Julai, kwa sababu hapo ndipo 5 Januari inapodondoka nje ya dirisha na anarudishiwa siku moja. Kesho yake inadondoka nyingine.

Hii ni kama viza yenyewe inampa siku hizo. Stika ikisema siku 15, ni 15 tu, hata kama tarehe za viza zinaachana mwezi mzima.

Zamani mihuri iliyofifia iliwaokoa baadhi ya watu. Tangu 12 Oktoba 2025 wameanza mfumo wa kielektroniki unaorekodi picha ya uso na siku za kuingia na kutoka, na kompyuta inahesabu yenyewe.

---

Dada_Upanga

Niongeze kwa wanaosafiri mara kwa mara. Ukishapata na kutumia kihalali viza tatu za Schengen ndani ya miaka miwili, kanuni zao zinasema upewe ya kuingia mara nyingi ya mwaka mmoja. Ukiitumia vizuri, inayofuata ni ya miaka miwili, kisha mitano. Kwa hiyo usitupe pasipoti ya zamani, ambatisha nakala za stika hizo. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na bima isipungue yuro 30,000. Ukiomba ya kuingia mara nyingi, bima unaweza kuonyesha ya safari ya kwanza tu, lakini safari zote zinazofuata lazima uwe nayo.

Na popote uendapo, mlango wa kwanza ni kaunta ya ndege pale JNIA. Shirika likikubeba bila viza sahihi linapigwa faini na linakurudisha kwa gharama zake, ndiyo maana yule dada wa kaunta anakagua kuliko afisa. Ukiwa na idhini ya kielektroniki, ichapishe.

---

Mpangasafari_Ilala

Nimegeuza ratiba kama alivyoshauri Dirisha: Nairobi, Mara, Sirari, Serengeti, Arusha, Dar, Zanzibar. Swali la mwisho: Mholanzi anakuja na mtoto wa miezi kumi. Naye anahitaji viza?

---

Nesi_Temeke

Cheti cha homa ya manjano Tanzania haimdai, hajafikisha mwaka. Lakini chanjo yenyewe inaruhusiwa kuanzia miezi tisa, kwa hiyo wazazi waongee na daktari wao huko huko Uholanzi.

---

Dirisha_la_Tatu

Viza anahitaji, yake mwenyewe, na pasipoti yake mwenyewe yenye uhai wa miezi sita. Haandikwi kwenye ya mama. Akisafiri na mzazi mmoja, abebe nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi mwingine. Na hao watatu waulize uhamiaji kama viza zao zitawaingiza Sirari, maana walizoomba mwanzo waliandika JNIA.